Mkanda wa Herufi

Muuzaji ananiambia: Bi Drozd, vumilia hadi Machi.
Toleo jipya la mashine za ofisi laja, jepesi kama sahani ya karatasi,
betri ya siku mbili, kichakataji kipya, feni isiyosikika.
Hutamka "Machi" kama mtu anayetaja jina la mchumba.

Sasa ni Novemba. Łódź imelowa.
Tramu ikipita, dirisha la ofisi hutetema,
na laptopu yangu, iliyo katika mwaka wake wa saba,
hutetema nalo kwa huruma.
Bawaba moja nimeifunga kwa utepe.
Feni hukohoa kila nifunguapo hesabu za Gniewomir, mwoka mikate,
ambaye risiti zake hunijia zikinukia hamira.

Hayo si kitu. Kilichokufa ni kitufe cha kulia,
kile kinachomvisha L mkanda wake kiunoni.
Mji huu jina lake ni mashua,
ingawa mito yake imefukiwa chini ya lami;
sasa kwenye ankara zangu hata mashua haipo,
ni Lodz tu, mlio wa kitu kilichoanguka jikoni.
Na bila mkanda ule, neema husomeka bakora.
Nilimwandikia mjane mmoja:
kwa neema ya ofisi ya kodi, faini yako imefutwa.
Akanipigia simu, sauti ikimtetemeka:
bakora ipi?

Basi ningoje?
Subira huvuta heri, wanasema.
Ngojangoja huumiza matumbo, wanasema hao hao,
kisha wananitazama mimi.

Baba alingoja. Kitabu chake cha amana kimo katika droo hii,
mihuri mwezi baada ya mwezi,
kwa ajili ya gari dogo aliloahidiwa na serikali.
Aliagiza la buluu. Lilikuja la rangi ya haradali,
mwaka wa tisa,
na babu, aliyepangiwa kiti cha nyuma,
alikuwa ameshapangiwa kwingine.
Baba alilizunguka mara tatu, akagonga tairi kwa ncha ya kiatu,
akasema: zuri.
Kisha akaingia, akafunga mlango,
akakaa humo bila kuliwasha hadi taa za barabarani zilipowaka.

Jana muuzaji ameandika: Machi imekuwa Juni.
Pengine Septemba. Anaomba radhi kwa maneno mazuri mno.
Lakini kodi haijui Juni. Kodi ni tarehe thelathini Aprili,
na ngazi zangu zimejaa watu wenye bahasha kwapani.

Nikavaa koti.
Dukani nililifungua la mwaka jana, lililoshushwa bei,
nikalifunga, nikalifungua tena. Bawaba laini, aibu tupu.
Nikatoka mikono mitupu,
nikashuka kwa Ksawery, fundi wa chini ya ngazi,
nikanunua kibodi ya mtumba kwa zloti thelathini na tano,
kubwa kama ubao wa kukatia nyama,
makombo ya mtu mwingine yamelala kati ya vitufe.

Sijaamua. Septemba huenda nikanunua,
huenda wakati huo wataniambia Januari.
Usiku huu namwandikia yule mjane upya.
Nabonyeza. L anavaa mkanda wake.
Feni inakohoa mara moja,
kama mtu aliyeketi nyuma ya gari,
kisha inanyamaza.