Kipandauso

Shaame alianguka mkarafuuni
akavunjika mkono.
Mtaa mzima wa Wete ulikuja kumtazama.
Wenziwe wa skuli wakaandika majina kwenye plasta,
mjomba Faki akaleta halua,
mama akamlisha tonge kwa tonge.

Changu hakina plasta.
Huanza na doa, dogo kama ncha ya sindano,
likimetameta pembeni mwa ubao;
herufi zikaliwa mojamoja,
kisha nusu ya uso wa mwalimu Bikombo.
Halafu kinapanda.

"Mbona asubuhi ulikuwa ukicheka?"
Nilicheka, mwalimu.
Asubuhi hakikuwepo.

Uani karafuu zimeanikwa, majamvi manne,
na harufu ile wanayoiita pesa
yaniingia jichoni kama msumari.
Nimejilaza uvunguni, kwenye saruji baridi,
kanga ya bibi imenikaza kichwa.
Jirani anakoroga chai.
Nakisikia kijiko chake, kila mzunguko.

Usiku Shaame kaja, hakuwasha taa.
Kalamu kaishika kwa mkono mzima, wa kushoto.
Juu ya nyusi yangu, taratibu,
herufi zikienda upande,
kaandika jina lake.