Nguzo ya Arobaini na Mbili

Tulikwisha kumuaga baridi.
Mzekala alikwisha kuanika mablanketi ya manyoya,
viazi vya mbegu vimetandazwa sakafuni vichipue macho,
na mimi, kwa ujinga wa mwezi Machi,
nikahesabu magunia ya chumvi yaliyobaki stoo,
nikaandika: yanatosha.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu amelala kwetu miezi mitano
na beleshi tumeshika sisi.
Akaondoka. Usiku wa Alhamisi akarudi
kama aliyesahau kitu chini ya kitanda,
akapindua nyumba nzima kukitafuta.

Saa nane upepo uling'oa bati la zizi la Chargaz,
likapita juu ya mnara wa mawe likilia kama sinia.
Saa tisa kipimaupepo kilivunjika shingo.
Niliandika kasi ya mwisho, nikatia alama ya kuuliza.

Bimurza alikuwa juu na katapila.
Kazi yangu redio: yeye hutaja nguzo, mimi naandika.
Nguzo ya arobaini, theluji kiunoni.
Arobaini na moja, kifuani.
Arobaini na mbili, nguzo siioni.
Kisha mkwaruzo, kama mtu anayekomba ukoko,
kisha hata mkwaruzo haupo.

Nilichochea jiko. Nilifuta meza iliyokuwa safi.
Nilimwita kwa sauti ya kazi,
halafu kwa sauti ya nyumbani,
halafu kwa lile jina la utani
nililolikoma tangu tugombane juu ya ndama.
Dirishani theluji haikuwa inaanguka. Ilikuwa inapita,
imelala ubavu, ina haraka ya kwenda kwa watu wengine.

Dakika arobaini.

Ndipo redio ikakohoa.
“Bimurza?”
Kimya. Na ndani ya kimya kitu kinasagika,
polepole, kama barafu chini ya buti.
“Bimurza, u mzima?”
“Nimekuta gari la mikate la Nargiza,” akasema,
“limezama hadi vioo. Tumo ndani wote wawili.
Ngoja nimeze.”

Nikaizima redio, nikalia kwa hasira.
Nikaiwasha. Bado alikuwa anatafuna.

Daftarini, penye sababu ya kuchelewa,
niliandika: mkate.
Nikarudi ukurasa wa nyuma kutafuta
lile neno langu la chumvi, nilikate.