Safu ya Nne

Daftari langu ni la mistari, kurasa themanini na nne,
jaladani yupo twiga aliyefutika shingo.
Walinipa hazina kwa sababu najua kujumlisha
na kwa sababu, alisema mwenyekiti, sina mume wa kuninong'oneza usiku.
Nikacheka. Nikachora safu tatu:
jina, ahadi, fedha.

Tulitaka chumba. Si hospitali, chumba kimoja
ubavuni mwa zahanati, chenye mlango unaofungwa,
ili mwanamke asijifungulie tena njiani
kati ya Ibihwa na Bahi, kama Nyemo,
tochi ya simu mdomoni mwa bodaboda
na upepo wa Julai ukimwagia kitovu vumbi.

Huko mijini wanatujua. Mtu akinyoosha mkono penye taa za barabarani
husema, huyo katoka Dodoma.
Neno hilo nimelimeza miaka mingi kama mlenda usiotiwa chumvi.
Sitalijibu. Nitawasomea daftari.

Sechelela Mahinyila: karanga debe moja, limeuzwa elfu ishirini na mbili.
Mzee Lechipya: mbuzi. Aliahidi dume, akaleta jike lenye mimba.
Hakueleza, nasi hatukuuliza.
Vijana wa mpira: viingilio vya mechi mbili,
elfu kumi na tisa na mia tatu, na kifungo cha shati.
Mwalimu Chidong'o: saruji mifuko mitatu,
amekopa dukani Kigwe, mkewe asijue.
Chilewa: ahadi, elfu mbili. Fedha:

Msiniambie haba na haba.
Kibaba chetu kina tundu, na mwaka ule
uwele ulikauka kabla ya kushika punje,
wanaume wakaenda kuhemea Kiteto
wakarudi na magunia yaliyokunjwa kwapani.
Ghala likijaa, hata panya hugawa.
Mimi nasimulia mwaka ule.

Mama Wendo nilikuwa nimemwandikia "hana".
Kwa kalamu nyekundu.
Sikumdharau, nilimhurumia tu,
kumbe hao wawili ni ndugu wa tumbo moja.
Alfajiri alisimama mlangoni, ngata kichwani imelowa.
Mbukwa, akasema. Maji ya matofali yale, ni mimi.
Ndoo ngapi? Hakuhesabu.
Fundi ndiye aliyekuwa akiweka vijiwe dirishani:
mia moja na arobaini,
yamechotwa kata kwa kata kwenye mchanga wa mto mkavu,
yakapandishwa kilima kabla jogoo hajakohoa.

Nikafungua daftari. Maji hayakuwa na safu.
Nikaokota bua la mtama, nikalifanya rula,
nikachora ya nne. Sikujua niiandike nini juu,
na mpaka leo iko hivyo, haina kichwa.

Ikajaa kuliko zote.
Mchanga, tela moja la punda.
Uji wa mafundi, siku kumi na moja.
Kukesha na saruji isiibiwe, usiku wa baridi, watu wawili
ambao kwa kawaida hawasalimiani.
Mtoto wa darasa la pili, msumari mmoja,
ulipinda, kaunyoosha kwa jiwe.

Bati lilipokwisha kupigwa, wakaja wageni na fomu.
Jina la mfadhili, fomu iliuliza,
mstari mmoja, mfupi kama kidole gumba.
Nikauliza kama kuna karatasi ya nyongeza.
Gari lilikuwa tayari linanguruma.
Nikaandika: tazama daftari.
Hawakulitazama. Si neno, wino wenyewe ni wetu.

Machi, usiku wa mvua kubwa,
mke wa Chilewa aliletwa kwa mkokoteni
akaingia, mlango ukafungwa.
Yeye alibaki nje, ukutani, kofia mkononi,
akisikiliza mvua inavyoligonga
bati ambalo bado tunamdai.