Kabla ya Basi la Ankara

Perihan, njoo ukae. Basi ni saa tatu,
na jicho langu, hili lenye ukungu, halitibiwi kwa simu.
Siku kumi na mbili nitakuwa huko. Ishirini, madaktari wakinogewa.
Sikuachii dhahabu. Nakuachia paka.

Unamjua kwa sketi zako nyeusi zinavyogeuka nyeupe.
Mjue sasa kwa jina: Tipi, yaani dhoruba ya theluji,
ingawa dhoruba haikojolei viatu vya msoma mita.

Jicho la kulia kaharabu, la kushoto buluu,
na upande wa buluu hasikii.
Usimwite ukadhani amekudharau.
Piga kisigino sakafuni mara mbili;
atapokea habari kwa nyayo, aje polepole kama mdai.

Usimbebe. Paka wa Van habebwi.
Hukaa karibu yako, umbali wa mkono mmoja na robo,
akakupa mgongo.
Huo mgongo ndio mapenzi yake. Usidai mengine.

Sasa chanuo. Si lile la plastiki,
hili la chuma, lenye meno yaliyoachana.
Miaka arobaini nimechambua sufu, nakwambia
kuchana ni neno la hatari:
nywele huchanwa, na nguo huchanwa,
mkono ndio unaoamua ni kuchana kupi.
Anza shingoni, fuata manyoya yanakolalia, shuka mgongoni.
Mkia uache mwisho; mkia ni cheo chake.
Mwezi huu anavua koti la baridi, mchane kila jioni,
la sivyo atajilamba, atameza, na usiku wa manane
utamsikia akikohoa kama trekta la Şükrü,
na zulia langu la Hakkâri ndilo litakalopokea.

Fundo hujificha nyuma ya masikio, kwapani,
na kule mapajani anakovaa suruali.
Usichukue mkasi. Ngozi yake ni karatasi ya sigara.
Tia unga wa mahindi, chezesha kwa vidole,
shika mashina ya nywele ili asiumie unapovuta ncha.
Fundo ni siku tatu za uvivu, basi.
Letu mimi na wewe lina miaka sita,
tangu neno lile nililolisema juu ya supu yako, mbele ya wageni.
Sikuwa na unga mkononi.
Usiinuke, bado sijamaliza.

Akitorokea ziwani mwache aogelee.
Utaona kichwa tu, na mkia nyuma ukishika usukani.
Lakini maji yale yana magadi, tunafulia mazulia bila sabuni;
akirudi msuuze kwa maji ya bomba, ya vuguvugu,
kabla hajajilamba. Atakukwaruza.
Iodini iko juu ya friji.

Samaki umtolee miiba. Maziwa hapana, hata akilia.
Jibini ya majani, ukubwa wa ukucha, siku ya Ijumaa,
na daktari Nejdet asijue.

Halafu kopo la halva, chini ya kitanda changu: usishtuke.
Ni manyoya yake. Nimekusanya majira mawili ya kuchipua,
nikachanganya na sufu ya mwanakondoo, nikasokota.
Imetoka soksi moja, urefu wa kidole changu cha shahada.
Moja tu. Uzi uliniishia.

Sikukuuliza, na sikuulizi.
Nina jicho moja zima, lakini naliona
unavyoisukuma chai kila asubuhi,
na mtungi wa matango ya siki unavyopungua usiku.

Soksi ya pili imo mgongoni mwa paka.
Kwa hiyo ukichana, usitupe.

Hiyo honi. Nipe begi.
Hapana, acha, wewe usinyanyue.
Dirisha la jikoni, la chini, lifunge.
La juu mwachie.