Njia ya Kumi na Mbili

Julai, Kiborloni, baridi ya kukaa jikoni.
Mlima umejifunika tangu Jumatatu
na mama naye kajifunika, shuka juu ya kanga.
Fundi Namsifu kaegemeza ngazi ukutani,
kafungua kisanduku cha mbao cha marehemu baba,
kanusa.
"Hapa pameungua zamani," anasema,
"pakanyamaza tu kwa adabu."

Fyuzi nane za kauri, nyeupe kama meno,
mbili zimeoza.
Ndani hamna waya wa fyuzi.
Mna nyuzi za shaba alizozichuna baba kwenye kamba ya pasi,
na shaba ilipomwishia,
karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara.
Naukumbuka mgongo wake, tochi mdomoni,
sisi gizani tukihesabu mpaka awashe.
Tulimwita bingwa.
Namsifu anaigeuza ile karatasi dirishani:
"Mzee wenu aliwapenda sana.
Na alibakiza kidogo sana kuwachoma."
Kimya.
Kisha mama akacheka, wa kwanza yeye.

Kila fyuzi ina jina, kwa penseli ya seremala:
Sebule. Jiko. Nje. Kuku.
Wasichana, kwa mwandiko wa haraka.
Na ya mwisho, chini kulia,
herufi kubwa zilizokolezwa mara mbili:
NDEKIRWA.

"Hii inakwenda wapi?"
Hatukumjibu. Akaichomoa. Hakikuzimika kitu.
Akairudisha, akaufuata waya kwa macho, kisha kwa mikono,
darini, katikati ya magunzi na mavi ya popo,
ukashuka, ukatoboa ukuta nyuma ya bafu,
ukaishia hewani,
ncha mbili zimefungwa kitambaa
juu ya msingi wa mawe tunaoanikia kahawa.

Chumba cha kaka.
Baba alitanguliza umeme, kuta zingefuata.
Kaka akaenda Mirerani mwaka ule wa mvua nyingi,
na shimo halikumrudisha.
Miaka ishirini na sita
waya huu umekuwa na moto,
umefungwa kitambaa.

Mchana tukazimiwa kwenye mita.
Mama akalilinda friji kama mgonjwa, marufuku kulifungua.
Nje, kando ya migomba, Namsifu akapigilia fito la shaba
kwa nyundo, akamwagia maji ya chumvi.
"La nini hilo?"
"Umeme ukipotea njia, mama, uwe na pa kwenda."
Mama akatafakari.
"Kumbe hata wenyewe unataka kihamba."

Kisanduku kipya ni cha chuma, kina njia kumi na mbili,
swichi nyeusi zimepangwa,
na moja pana yenye kitufe cha kujaribia,
inayokata kabla moyo haujajua.
Bei mama aliishusha mara tatu, kwa haki ya utani,
na Namsifu, Mpare wa Usangi,
akaipandisha mara mbili, kwa haki hiyohiyo.
Nikalipa palipoangukia.

Kumi na moja zikajaa. Kalamu ya wino mkononi:
"Hii ya kumi na mbili niizibe?"
Nilikuwa na maneno tayari, mazuri,
kuhusu nafasi, kuhusu wasiorudi.
Mama hakunisubiri.
"Uizibe? Tangu niolewe nabeba maji ya kuoga kwa sufuria.
Weka hita."

Waya mpya, mnene, ukapita njia ileile ya popo.
Namsifu akaanza kuandika: HI
Mama akamshika mkono.
"Andika la zamani."

Sasa ni saa moja usiku. Ubao wa baba uko bandani,
kuku mmoja keshaulalia.
Kutoka bafuni inakuja sauti
niliyoisikia utotoni, ikiita watu kula:
"We! Umemwasha Ndekirwa?"

Nimemwasha, mama.
Bado vuguvugu.