Ubao wa Mvule, Kwemdoe

Baba hakuwa msomi. Alikuwa mchora mabango:
LEO TASLIMU, KESHO MKOPO,
na ubavuni mwa malori ya machungwa, jina la tajiri.
Mwaka wa themanini padre alimwita,
akampa ubao wa mvule
na majina saba yaliyonakiliwa kutoka daftari la ubatizo.
Andika kwa herufi kubwa, Gideoni, alisema,
vijana hawa walikuwa warefu.

Rangi ilikuwa buluu, masalio ya mlango wa lori.
Mimi nilishika kopo.
Nilikuwa na miaka tisa na sikujua Kagera ni mto;
nilidhani ni mnyama,
maana watu wazima walisema Kagera imemla Alfege,
imemla Hilari wa Mntambo,
na usiku niliuegemeza mlango kwa kinu.

Jina la saba lilikuta ubao umekwisha.
LORENSI SEMKI, kisha W na A
zikajibana ukingoni, ndogo,
kama watoto wa mwisho kwenye mkeka.
Baba aliona haya. Alitaka kupiga randa aanze upya.
Lakini mama yake Lorensi, asiyejua A wala be,
alipitisha kidole hadi pale palipobana,
akasema: Mwacheni. Huyu ndiye wangu.
Hata kitandani alilala amejikunja.

Ukuta wa pili una bamba la shaba,
la vita vya Mjerumani:
wageni wanne, kila mmoja na cheo chake na siku aliyokufa,
kisha mstari wa chini: na wapagazi.
Basi.
Babu wa baba yangu yumo ndani ya neno hilo,
yeye na mzigo wake.
Kila Jumamosi nalisugua bamba kwa jivu na ndimu.
Vyeo vinang'aa upesi.
Nikifika kwa wapagazi napunguza mkono,
nasugua kama mtu anayebisha hodi.

Na yuko wa nane.
Sufiani Shehoza hakuandikwa: kanisa si lake,
na msikiti wa Kwemdoe hauandiki wafu ukutani.
Lakini lori lililompeleka Hilari Tanga lilimpeleka na yeye,
wamekalia gunia moja la nazi,
na barua zao zilifika siku moja,
zimefungwa kwa uzi mmoja.

Mwalimu Perpetua Singano, aliyewafunza wote darasa la kwanza,
ndiye aliyesoma majina kila Novemba, siku ya marehemu wote.
Aliyasoma kama anaita mahudhurio:
anataja, anangoja, anataja.
Ndani hakujibu mtu.
Akimaliza la saba hakukunja karatasi.
Alikwenda kwenye dirisha la kusini,
akalisukuma, bawaba ikalia,
akatamka nje, kwenye mihogo: Sufiani Shehoza.
Na pale ngazini, kando ya kikapu cha kunde
alichodai amekuja kuuza,
Bi Mwanahawa alijibu: Yupo.

Ndipo padre aliendelea.
Katika kitabu cha ibada hakuna mahali pa neno hilo.

Sasa karatasi ninayo mimi.
Mwalimu amelala nyuma ya sakristia, penye mkorosho.
Bi Mwanahawa tulimzika mwezi wa Rajabu,
padre amesimama mwisho wa safu, viatu mkononi.
Mwaka jana nilisoma saba, nikaenda dirishani.
Bawaba ililia; sijaipaka mafuta, wala sitaipaka.
Nikaita.
Mbuzi aliinua kichwa, akarudi kwenye majani ya mihogo.
Nilingoja muda ule ule aliongoja Mwalimu,
watu nyuma yangu wamesimama,
mtoto mmoja akikohoa,
na dirisha sikulifunga.