Mbegu Gani?

Niliwanunua Barka, saba ndani ya boksi la soda.
Muuzaji akaapa: wote mitetea, wote Fayumi,
miezi mitano tu, bibi, utachoka kuokota.
Nikampa riyali saba, na imani nikamkopesha.

Nyuma ya nyumba, hapa Mabela,
Hilali alikuwa keshasimamisha vigingi,
akazungusha waya, akaezeka kwa makuti ya mtende
aliyoomba kwa shemeji yake Samaili.
Banda likapinda upande wa kibla.
Kuku hawakulalamika.

Mwezi wa pili manyoya yakaanza kutoa ushahidi.
Mmoja shingo tupu, nyekundu, kama aliyemwagikiwa chai:
kishingo huyo.
Mmoja manyoya yamepindukia nje,
kaamka usingizini hakuchana:
kidimu.
Mmoja hana mkia, nyuma kumekatika ghafla kama sentensi ya mtu aliyeitwa nje.
Bukini! Marehemu mama angecheka hadi akae chini.
Na yule mrefu, mdomo mfupi, jicho lisilotaka urafiki,
anayetembea kama ana kesi mahakamani,
kuchi, kuchi mtupu.
Wawili weusi, sikuweza kuwatenganisha wala kuwapa mbegu.
Fayumi? Labda mmoja. Madoa ya kijivu, muoga,
mtu akikohoa yuko juu ya ukuta.

Bi Ghaliya, jirani, akachungulia.
"Hawa mchanganyiko," akasema kwa Kiarabu. "Hawana asili."
Azzani akawapiga picha, akaiuliza simu yake,
simu ikajibu: bata mzinga.
Tukacheka wote. Mimi nilicheka kidogo,
maana nina miaka arobaini naulizwa kwenye maharusi,
kikombe cha kahawa mkononi:
"Nyinyi asili yenu wapi, hasa?"
Na mfupa umo kwenye hiyo *hasa*.

Juni ikaja na joto la kukaanga yai kabla halijatagwa.
Nikaponda barafu, nikakata tikiti, nikatandika magunia mabichi.
Kuchi akatweta, mabawa mbali na ubavu
kama mtu aliyebeba ndoo mbili.
Fayumi akafa Jumanne, saa nane mchana, chini ya mkunazi.
Na Fayumi husifiwa kwa kustahimili joto,
kwa hivyo labda hakuwa Fayumi.
Azzani alimzika kwa mwiko wa saruji, hakutaka nimsaidie.

Waliobaki waligundua wenyewe
kwamba bomba la kiyoyozi cha chumbani kwangu hudondosha maji.
Wakapanga foleni pale, kishingo mbele.
Udongo ukawa mweusi, ukaota minyoo,
wakaupekua kama shamba la urithi.

Septemba, usiku ulipoanza kupoa,
kabla ya adhana nikasikia
bawaba isiyotiwa mafuta.
Nikatoka na tochi.
Bukini. Thuwaiba wangu,
niliyemsagia maganda, niliyemtandikia kiota,
kasimama juu ya kopo la rangi, anawika.
Akakwama. Akajikohoza. Akarudia.
Upanga wake ulikuwa mkubwa tangu Julai,
niliuona, nikajinyamazia;
na mkia hakuwa nao wa kumsaliti.
Hilali toka kitandani:
"Mtetea wako anataga kwa mdomo."
Jina hatukubadili. Keshalizoea,
ukimwita Thuwaiba anakuja na kifua mbele.

Yai la kwanza lilitoka kwa kishingo,
ndani ya kiatu cha mpira cha Azzani,
dogo, rangi ya chai ya maziwa.
Nililishika mpaka likapoa.

Juzi Bi Ghaliya kabisha hodi na sahani ya halua.
Anataka mayai ya kulaliza, sita, si ya dukani.
"Ya yule shingo tupu," akasema. "Yule wa asili."

Nikamhesabia matano.
La sita lilikuwa na ufa,
nikalikaanga mwenyewe, na pilipili.